Vitonge vya Tecla

Ukitoka senta ya Kedowa ukafuata njia ya udongo mwekundu inayokwenda kando ya reli, utaona nyumba ya mabati ya kijani yenye veranda ndefu. Kwenye veranda kuna viti. Kuna vya mbao, kuna vya plastiki, na kimoja cha kamba za ngozi ambacho kilikuwa cha mwenye nyumba, marehemu Kimeli. Viti ni vingi kwa sababu watoto walikuwa wengi. Siku hizi wanaokaa hapo ni kuku. Nyumba hiyo ni ya Tecla, ambaye majirani humwita Mama Janeffer, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Mimi kazi yangu ni kunoa. Nanoa panga za kupogolea chai, visu, majembe, na mikasi ya mafundi wa nguo. Kwetu ni Chebunyo, lakini huko nafika mara chache. Natembea na mfuko wa mawe na tupa, Kericho, Kedowa, Kipkelion, halafu narudi, na njiani nakunywa chai ya watu wengi. Kwa hivyo nawajua watu wengi, kila mmoja kidogo. Tecla nimemjua zaidi ya kidogo, kwa sababu kwake sikuachiliwa niende haraka.

Kila nikipita alinitolea kisu kilekile, chenye mpini wa bluu. "Mzee, hiki kimekuwa butu, hata sukuma hakikati," alisema. Nilikishika nikakuta makali yangu ya safari iliyopita bado yapo, mazima kabisa. Nilifukuza kuku mmoja kwenye kiti, nikakaa, nikakinoa pole pole, naye akakaa kwenye kiti kingine akaongea. Aliongea juu ya mvua ya mawe iliyotoboa majani chai yake, juu ya wanawe wa Eldoret na Mombasa wanaopiga simu wakati wa Krismasi, juu ya goti. Kisu kikimalizika, alikumbuka jembe.

Redio yake haikuwa ndani ya nyumba. Ilitundikwa zizini, juu ya kichwa cha Chelel, ng'ombe wake mmoja aliyebaki. Nilimuuliza sababu.

"Chelel hapendi kimya," alisema.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, nilimkuta amepiga magoti nje ya zizi anang'oa jiwe kubwa kwa jembe. Uso wote jasho.

"Chamgei, Mama Janeffer," nilimsalimu.

"Chamgei, Mzee. Leo wewe umeletwa na Mungu. Unaweza kutia jiwe meno?"

"Jiwe lipi?"

"Si hili. Jiwe la kusagia la mama mkwe. Tangu poshomili ije tumelifanya la ndama kukanyagia akiingia. Limekuwa laini kama shavu."

Tulilitoa pamoja, tukaliviringisha hadi kwenye nyasi. Alilimwagia maji ya moto, akalisugua kwa majivu, akamwaga maji tena. Nikatoa patasi na nyundo, nikaanza kulidonoa ili liwe na meno ya kushika nafaka. Huku nikigonga, akaniambia habari yake, na sijawahi kumsikia akiongea kwa furaha namna ile.

Mjukuu wake alikuwa anakuja kuishi naye. Phelis, mtoto wa Janeffer, wa gredi ya tatu. Janeffer alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Naivasha, kazi ya zamu, leo asubuhi, kesho usiku. Mtoto alibaki na wasichana wa kazi, na kila msichana alimlisha alichoona kiko karibu. Shida ilikuwa hapo. Tumbo la Phelis halikubali ngano. Halafu maziwa na mayai nayo yanamwasha ngozi, yanamfurisha midomo. Daktari alisema asiguse kabisa, hata kijiko kilichokoroga chai ya maziwa kisiingie kwenye kikombe chake.

"Janeffer amenipa muhula mmoja," Tecla alisema. "Ameniambia, Mama, nakujaribu muhula mmoja. Mtoto akiwa mzima, atakaa na wewe hadi amalize shule ya msingi. Akiugua kwa sababu ya chakula, namchukua, na tusigombane."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa. Ningesemaje?" Aliangalia viti vya veranda. "Chakula cha nyumbani si shida. Wimbi liko, viazi viko, mboga iko. Shida ni shule. Saa nne watoto wote wanatoa mandazi na mkate na maziwa ya pakiti. Yeye atatoa nini? Lazima nimfungie kitu cha kushika kwa mkono, kizuri, asione haya."

Ndiyo maana ya jiwe. Poshomili ya senta husaga pia ngano ya watu wa upande wa Mau Summit, na unga wake hubaki ndani ya mashine. Wimbi la Phelis lingesagwa nyumbani.

Tukiwa hapo aliingia jirani, Mokeira, na mkungu wa ndizi mbivu kichwani. Mokeira ni Mkisii. Alikuja huku na mumewe wakichuma majani kwenye mashamba makubwa, na mume alipofariki hakurudi kwao. Ana nyumba ndogo na migomba, anauza ndizi na mandazi kando ya barabara. Ng'ombe hana. Kwa miaka mingi huyo ndiye aliyekuwa mtu wa Tecla wa kucheka naye.

"Ati mtoto wa Kipsigis hanywi maziwa?" Mokeira alisema akitua mkungu. "Huyo ni wangu. Mliniibia hospitali. Nirudishieni."

"Nenda huko," Tecla akacheka. "Wewe hata mursik nilikuonjesha ukakunja uso kama umeumwa na nyuki."

"Ile maziwa ya majivu? Nilidhani umenipa rangi ya kupaka ukuta."

"Mzee, unamsikia?"

"Mimi nagonga jiwe," nilisema.

Mokeira alicheka hadi akajishika kiuno. Kisha akakata vichana vizuri, akaviweka mlangoni. "Mpikie hizi hadi ziwe nzito kama uji uliolala. Ukichanganya na karanga, mtoto atasahau hata maziwa yanaitwaje."

Niliondoka siku ile Tecla akiwa anaimba. Kisu cha bluu hakunitolea. Hakuwa na nafasi.

Niliporudi kutoka Kipkelion, muhula ulikuwa umeanza. Kwenye kiti cha ngozi cha Kimeli alikaa mtoto mwembamba mwenye skafu shingoni, miguu haifiki chini. Alikuwa na tabia moja iliyonigusa. Ukimpa chochote, hata tunda, aliuliza kwanza kwa sauti ndogo, "Hii iko na nini?" Alikuwa amezoea kuogopa chakula kama vile wengine wanavyoogopa mbwa.

Vitonge vya kwanza vilikuwa aibu. Tecla alinisimulia bila kuficha. Alikaanga wimbi, akalisaga, akachanganya na viazi vitamu vilivyopondwa, akafinyanga, akamfungia kwenye kontena ya plastiki yenye kifuniko cha zambarau. Kufika shuleni vilikuwa vimevunjika vyote. Watoto walichungulia wakasema, "Phelis amebeba udongo!" Phelis alikula kwa vidole, kichwa chini, akarudisha kontena tupu. Bibi yake alimwuliza kama vilikuwa vizuri.

"Vilikuwa vizuri, kogo," mtoto alisema. Kogo ndiyo nyanya kwa Kikipsigis. "Lakini kesho unaweza kunipa kijiko?"

Tecla hakumpa kijiko. Alijaribu tena. Safari ya pili ndizi zilikuwa majimaji mno, vikawa uji. Ya tatu vikawa vigumu, Phelis akasema vinaweza kumuua ndege. Lakini mtu akiwa na mtu wa kumpikia, hachoki. Alijifunza kukaanga wimbi hadi linukie kabla ya kulisaga, ili unga usilete ladha mbichi. Karanga alizitwanga hadi zitoe mafuta yake zenyewe. Ndizi za Mokeira alizipika kwa moto mdogo hadi zikawa nyeusi kidogo na nzito, na hizo ndizo zilizoshika kila kitu pamoja na kuleta utamu bila sukari. Akaongeza mbegu za malenge zilizokaangwa na kupondwa kidogo tu, ili meno yapate kazi.

Nilikuwepo asubuhi ile vilipokubali. Alikuwa jikoni karibu na moto, mchanganyiko kwenye bakuli, simsim kwenye sahani. Alijifuta mikono, akaipaka, akachota, akaviringisha. Kitonge kikatoka cha duara, kinang'aa, hakikuacha kitu kiganjani. Akakigaragaza kwenye simsim, akanipa. Nilikitafuna. Kilikuwa kitamu, na tumboni kilikaa kama chakula.

"Sasa?" aliniuliza.

"Hiki hata mimi nitaenda nacho shuleni," nilisema.

Phelis alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Basi nyumba ile ikabadilika. Nilipita mara mbili tatu katika majuma yale, na nilikuta kuku wamefukuzwa kwenye viti, vitabu vya shule viko pale, soksi zimeanikwa kwenye mkono wa kiti cha Kimeli. Redio ilikuwa imerudi ndani. Tecla mwenyewe aliacha chai ya maziwa, akawa anakunywa turungi tu, chai kavu ya majani na maji, jambo ambalo kwa mwanamke wa hapa ni kama kuacha kanisa. Maziwa ya Chelel yalikwenda yote kwa watu wa deri. Vibuyu vya mursik alivihamishia stoo, akafunga mlango. Vikombe alivisugua kwa majivu. "Ndani ya nyumba hii," aliniambia, "hakuna tone."

Na shuleni vitonge vilipata jina. Watoto walianza kumwuliza Phelis kama ana "mipira ya kogo". Alibadilishana kimoja kwa kushika kamba ya kuruka kwanza. Alipata rafiki. Alimweleza bibi yake habari za huyo rafiki kila jioni, na bibi yake alinieleza mimi, na mimi hadi leo najua kwamba msichana huyo aliogopa bata.

Kisha mtoto akaanza kujikuna.

Mwanzoni ilikuwa vipele kuzunguka mdomo. Tecla alidhani ni baridi. Halafu tumbo. Phelis aliamka akiwa mzima, akaenda shuleni mzima, na saa tano mwalimu wake, Mathew, alimkuta ameinama juu ya dawati. Jumamosi na Jumapili alikuwa hana neno. Jumatatu tena.

Tecla hakumpigia Janeffer. Alijua akipiga simu hiyo, mambo yamekwisha. Akaamua kutafuta mwenyewe. Alitoa simsim, vipele vikabaki. Alitoa karanga, vikabaki. Alitoa mbegu za malenge. Alilichemshia jiwe maji tena, akalisugua hadi vidole vikachubuka. Vitonge vikawa wimbi na ndizi tu, na mtoto bado anajikuna. Mtu akikosa kosa kwake, huanza kuangalia kwa jirani.

Nilikuwepo, kwa bahati mbaya, Mokeira alipokuja jioni hiyo na ndizi zake.

"Mokeira," Tecla alisema bila kumkaribisha kiti, "mtoto akitoka shule anapita kwako?"

"Anapita. Ananisalimia."

"Unampa nini?"

"Nimpe nini? Namuuliza amefundishwa nini."

"Wewe unapika mandazi ya kuuza asubuhi. Unga uko mikononi mwako, uko kwenye ndizi hizi."

Mokeira akasema, "Mandazi niliacha tangu mtoto aje. Sikukuambia kwa sababu si kitu cha kujisifu." Akaweka ndizi chini kwa uangalifu, kama mayai, akaenda. Tangu siku hiyo hakupita tena kwenye lango lile. Ndizi zilikuja na mtu mwingine, halafu hazikuja kabisa.

Haya yaliyofuata sikuyaona. Nilikuwa upande wa Bomet. Tecla amenisimulia mara nyingi, kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma.

Phelis alitapika darasani, na mdomo ukafura hadi maneno hayatoki vizuri. Mwalimu Mathew alimpeleka zahanati, na zahanati ikampigia mama. Mtoto alipata nafuu siku hiyohiyo. Kesho yake Janeffer alifika kutoka Naivasha, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Hakupiga kelele. Alimkumbatia mtoto, akamlaza, akaja jikoni.

"Mama, hebu nitengenezee vitonge vile. Nataka kuona tu."

Tecla alifurahi. Alisema moyoni, sasa ataona nilivyo safi. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Akatoa unga, akatoa ndizi zilizopikwa, akachanganya. Janeffer alisimama mlangoni akitazama kila kitu, akasoma hata pakiti ya chumvi. Hakuona kosa. Tecla akajifuta mikono. Akanyoosha mkono juu ya mahali pa moto, palipotundikwa kibuyu kidogo kama ngumi, akatumbukiza vidole viwili, akasugua viganja.

"Mama. Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo umepaka."

Tecla alitazama viganja vyake. "Hii? Hii si chakula. Ni ya mikono."

"Ni nini, Mama?"

Ilikuwa siagi ya Chelel. Siagi ya kutikiswa kibuyuni, ya nyumbani, na maziwa yake ndani.

Nataka mtu anayesoma haya aelewe, asimcheke. Kwetu, mwanamke hashiki wimbi kwa mikono mikavu. Anapaka siagi kwanza, kama vile mwanaume anavyovua kofia akiingia kanisani, bila kufikiri. Mama yake alifanya hivyo, na mama mkwe aliyekuwa na lile jiwe. Ukimuuliza ameweka nini kwenye chakula, hawezi kuitaja, kwa sababu hakuiweka kwenye chakula. Ilikuwa ya mikono. Vibuyu vya maziwa alivifungia stoo vyote, na hicho kidogo kikabaki juu ya moto, kwa sababu machoni pake hakikuwa cha maziwa. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale asubuhi ile vitonge viking'aa, nikimwona akijipaka, na sikuona kitu. Wala Janeffer asingeona kama hangekuwa amekaa Naivasha miaka mingi hivyo.

Janeffer alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amechoka tu.

"Nitaacha," Tecla alisema. "Sasa najua. Nitapaka maji."

"Mama, tulikubaliana."

"Nitauza Chelel. Nitamwuza hata wiki hii. Nyumba hii haitakuwa na hata harufu."

"Utauza ng'ombe," Janeffer alisema, "na mikono utaiuza kwa nani?"

Tecla anasema binti yake alijutia neno hilo palepale, akamshika bega, akasema, "Sikumaanisha hivyo, Mama." Lakini Tecla anasema pia kwamba lilikuwa la kweli. Kama mikono yake ilifanya jambo hilo kila asubuhi bila yeye kujua, inafanya mengine gani? Hakubishana tena. Alikunja nguo za Phelis, akaosha kontena ya zambarau, akaifuta, akaifunga. Wakaondoka asubuhi kabla ukungu haujaondoka kwenye chai. Phelis alimpungia mkono hadi kona ya reli.

Niliporudi Kedowa, veranda ilikuwa na kuku. Redio ilikuwa zizini. Nilisikia taarifa ya habari ikisomewa ng'ombe.

Tecla alinikaribisha, akaniletea chai. Nilitazama ndani ya kikombe. Ilikuwa na maziwa mengi, nyeupe karibu.

"Sasa naweza kunywa maziwa," alisema, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Nilimuuliza kuhusu Mokeira. Alitazama nje. "Nitamwambia nini?"

"Mwambie ilikuwa siagi."

Baadaye nilisikia kwa Mokeira mwenyewe, nikinunua ndizi barabarani. Alisema Tecla alikuja kwake mvua ikinyesha, bila mwavuli, akasimama nje chini ya mgomba kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Nikamwambia, ingia, unalowa. Akasema, Mokeira, ilikuwa siagi. Nikasema, siagi ya nini? Akasema, ya mikono yangu. Nikaanza kucheka, Mzee, haki nilicheka, na yeye akaanza kulia, nikaona si ya kucheka." Mokeira alipanga ndizi zake upya ingawa zilikuwa zimepangika. "Halafu unajua aliniomba nini? Aliniomba mikono."

Mokeira hakamui ng'ombe. Mikono yake haijui siagi. Tangu hapo mpango wao uko hivi. Tecla anakaanga wimbi na kulisaga kwenye lile jiwe, anatwanga karanga, na vyote anavipeleka kwa Mokeira vikiwa vimefungwa. Ndizi hupikwa kwa Mokeira, kwenye sufuria ya Mokeira. Kisha Mokeira analoanisha viganja kwa maji, anaviringisha, anagaragaza kwenye simsim. Tecla anakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anatazama. Hagusi. Mara nyingine anasema, "Hicho ni kikubwa, hakitaingia kwenye kontena." Mokeira anasema, "Wewe ulifukuzwa kazi, nyamaza." Wanacheka kidogo.

Vitonge hupelekwa ofisi ya vifurushi pale stejini, vinaenda Naivasha kila Ijumaa. Phelis anavila shuleni kule, na hajaugua. Janeffer amesema hivyo mwenyewe kwa simu, na kwa Janeffer hilo si dogo. Tecla aliuliza kama likizo mtoto anaweza kuja hata siku chache. Janeffer alisema, "Tutaona, Mama." Likizo ya Aprili ilipita, ya Agosti ikapita.

Mara ya mwisho kupita huko ilikuwa juzi tu. Kontena ilikuwa imerudi siku hiyo na gari la vifurushi, naye alikuwa ameiweka mapajani kwenye veranda.

"Mwanzoni niliogopa," aliniambia. "Kila ikirudi, kuna kimoja kimebaki. Nikasema, mtoto amevichoka. Nikampigia. Nikamuuliza, Phelis, mbona unabakisha? Akasema, kogo, hicho ni chako. Si na wewe hauna mtu wa kukufungia?"

Aliniletea chai. Halafu akaingia ndani akatoka na kisu chenye mpini wa bluu.

"Mzee, hiki kimekuwa butu."

Nilikishika. Makali yangu yalikuwepo yote. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikakinoa tena, pole pole, hadi kikawa hakiwezi kuwa kikali zaidi ya hapo. Upande wa zizi redio ilikuwa ikiimba peke yake. Nikampa kisu chake.

Alifungua kifuniko cha zambarau. Kitonge kilichobaki kilikuwa kimesafiri kwenda na kurudi, kimekauka, kigumu kama kokoto. Alikiweka kwenye mkono wa kiti cha Kimeli, akakishika kwa vidole viwili, akakikata katikati. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kisu kile kikikata kitu.

Nusu moja alichovya kwenye chai yake ya maziwa, akaila akiangalia kona ya reli. Nusu ya pili aliirudisha ndani ya kontena, akabonyeza kifuniko hadi kikashika.

"Hii ni ya kesho," alisema.